Shajara ya mradi: kuhesabu kisichoonekana, Mwanza

Jumamosi, 1 Machi 2025

Leo kifaa kimelia kwa mara ya kwanza. Ni kihesabio cha Geiger, kifaa kinacholia tik kila mionzi inapokigonga, cha kuunga mwenyewe: saketi ndogo, betri ya simu, na mrija mwembamba wa chuma wa aina ya SBM-20, uliobuniwa enzi za Wasovieti na mpaka leo unauzwa. Nilimaliza kulehemu waya wa mwisho saa tano asubuhi, vijana tisa wa klabu ya sayansi wamenizunguka, nikawasha. Kimya. Halafu tik. Sekunde tatu, nne. Tik, tik.

"Mwalimu, umeweka nini mezani?"

Sikuweka kitu. Mlio ule unatoka kwenye kuta, kwenye udongo chini ya sakafu na angani juu ya paa. Hata sisi tuliosimama pale tumo, kwa kiasi kidogo mno, maana sehemu ndogo ya potasiamu ya miilini mwetu ni potasiamu-40, nayo hutoa mionzi.

Dakika tano za kwanza tulipata 14, 27, 19, 23, 22. Mmoja akasema kifaa kibovu, mbona hakitulii kwenye namba moja? Nikamwambia aandike hivyo hivyo, tutarudi. Wastani ni 21 kwa dakika. Hiyo ndiyo namba ya nyumbani kwetu, na kila kipimo kijacho tutaitoa kwanza.

Tarehe kama ya leo mwaka 1896, huko Paris, Henri Becquerel alisafisha sahani za picha zilizokaa kwenye droo pamoja na chumvi ya urani. Kulikuwa na mawingu siku hizo, jua halikuipata ile chumvi, kwa hiyo alitarajia alama hafifu. Akakuta picha imetoka nzito. Urani ilikuwa imetoa mionzi yenyewe, gizani, bila kuwashwa na kitu.

Sababu ya mradi niiandike hapa nisije nikaisahau. Mada hii tunaifundisha kwa Kiingereza cha mtihani, na vijana wanazikariri vizuri aina tatu za mionzi: alfa huzuiwa na karatasi, beta na aluminiamu, gama na risasi. Mwezi uliopita, baada ya kipindi, binti mmoja alibaki nyuma akaniuliza kwa Kiswahili, sauti ya chini: "Mwalimu, bibi yangu anapigwa mionzi ya saratani hospitali. Akirudi tunalala naye kitanda kimoja. Atatuambukiza?" Alikuwa amepata alama 84 kwenye mada hiyo hiyo. Nilimjibu palepale, lakini jibu la mdomo halikunitosha. Nataka alisikie kwa masikio yake na aone kwa macho.

Jumanne, 4 Machi

Fupi. Tumepanda na kihesabio kwenye mawe nyuma ya bweni. Katikati ya uwanja wa mpira: 20. Juu ya jiwe, mrija ukiwa umelazwa kwenye ufa kati ya majabali mawili: 31. Mawe yetu haya ni itale, na itale huwa na urani, thori na potasiamu, kidogo tu lakini zaidi kuliko miamba mingi. Mji mzima umekaa juu yake. Vijana walitaka kujua kama tuhame. Hapana, tofauti ya namna hii watu wanaishi nayo sehemu nyingi duniani.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya visoda. Mama wa kantini alitukusanyia 200. Kila kisoda kinasimama badala ya kiini cha atomi, ambacho hutoa mionzi kinapovunjika. Kanuni ni moja: tikisa kwenye beseni, mwaga mezani. Kisoda kilichoangukia meno juu kimevunjika, kinatolewa. Vilivyobaki vinarudi besenini.

Kabla ya kuanza niliwauliza: ikiwa nusu inaondoka kwa muda fulani, vyote vitaisha lini? Karibu wote walijibu muda wa pili; nusu ya kwanza imeondoka, nusu ya pili inafuata. Sikuwapinga.

Tulipata: 200, 127, 78, 50, 31, 19, 12.

Binti mmoja ndiye aliyeona kwanza kwamba kutoka 200 hadi 50 ni mitupo mitatu, na 50 ni robo. Robo ni nusu ya nusu. Kwa hiyo nusumaisha ya visoda vyetu, yaani muda wa nusu kuondoka, ni mtupo mmoja na nusu. Sarafu ingetoa mtupo mmoja kamili, kwa sababu pande zake zinalingana. Kisoda kina tabia yake, na kila aina ya kiini cha atomi ina yake pia.

Sasa jambo ambalo kwangu ndilo moyo wa mradi huu. Kisoda kimoja tulikipaka rangi ya kucha, nyekundu. Mtupo wa nne kilikuwa bado kipo. Wakaanza kukishangilia, na mmoja akasema kwa uhakika kabisa: "Hiki sasa zamu yake, kimeponea mara nne." Nilisimamisha zoezi. Tukachukua vile 12 vilivyoponea mitupo yote sita, tukavitupa mara kumi bila kutoa kitu. Kati ya mianguko 120, meno juu mara 46. Tukachukua 12 vipya kutoka kwenye mfuko, tukafanya vilevile. Mara 43.

Hakuna tofauti ya maana. Vikongwe na vipya ni sawa.

Kiini cha atomi hakizeeki. Mtu wa miaka themanini na mtoto wa miaka minane hawana uwezekano sawa wa kufa kesho, lakini kiini cha thori kilichokuwepo tangu dunia ianze na kilichotengenezwa leo asubuhi vina uwezekano uleule wa kuvunjika katika saa ijayo. Hakichoki wala hakikumbuki kimengoja muda gani. Ndiyo maana hatuwezi kusema kipi kitavunjika, na bado tunaweza kusema vingapi, karibu kabisa, vikiwa vingi. Na ndiyo maana kihesabio kilitupa 14 halafu 27. Hakikuwa kibovu. Bahati ndiyo ilikuwa inaongea.

Thori-232 ina nusumaisha ya miaka bilioni 14. Dunia ina miaka bilioni 4.5, kwa hiyo sehemu kama nne kati ya tano za thori iliyokuwepo mwanzoni ipo mpaka leo. Poloni-216, mjukuu wake wa mbali, ina sekunde 0.145. Kanuni ni ile ile ya beseni, ila kisoda ni kingine.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeenda Mwaloni Kirumba asubuhi kutafuta karabai. Wavuvi wengi wa dagaa wamehamia taa za sola na za LED, lakini mzee mmoja mwenye banda la vipuri alikuwa bado na boksi la vile vifuko vyeupe vya nyuzi vinavyofungwa kwenye kichwa cha karabai na kuwaka nyeupe. Nilimwamkia, nikamweleza ninachotaka, akanitazama sana. "Mwalimu, karabai yenyewe huna, kifuko cha nini?" Nilinunua vya zamani viwili na kipya kimoja.

Vifuko vya zamani vililowekwa chumvi ya thori, kwa sababu oksidi yake hustahimili moto na kutoa mwanga mweupe. Siku hizi viwanda vingi vimeiacha, vinatumia itriamu. Tulipoviweka karibu na mrija, kipya: 22. Cha zamani, sentimita mbili kutoka kwenye mrija: 164. Mlio ulikuwa kama mvua inayoanza kwenye bati, na darasa zima likarudi nyuma hatua moja.

Tahadhari, kwa yeyote atakayeiga: kifuko kimo ndani ya mifuko miwili ya plastiki iliyofungwa na hakifunguliwi. Hatukichomi. Kikishachomwa kinabaki unga mwepesi, na unga huo ukivutwa puani unaingia mapafuni. Chanzo chochote cha maabara kinahitaji kibali cha Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania. Sisi tunatumia vitu vya dukani peke yake, na ninavishika mimi.

Vizuizi:

Bila kitu, 164. Karatasi moja ya daftari, 161. Milimita tatu za aluminiamu, tulizokata kwenye sufuria iliyotoboka, 58. Aluminiamu na sentimita moja ya risasi, tuliyoipata kwa kugonga vyuma vya nyavu mpaka vikawa bapa, 37. Ukitoa 21 ya mazingira, risasi yote ile imeacha 16 zipite.

Kijana mmoja alikasirika. Kitabu kinasema karatasi huzuia alfa, thori hutoa alfa, mbona namba haikushuka? Hilo swali lilinipa raha kuliko yote ya wiki. Nikamwambia atazame mrija. Umetengenezwa kwa chuma. Alfa ni kipande kizito, protoni mbili na nyutroni mbili zimeshikamana, na kinagongana na kila kitu njiani. Hakitoki hata kwenye mfuko wa plastiki, seuze kupenya chuma. Tulichokuwa tunasikia wiki zote mbili ni beta na gama tu. Alfa walikuwepo na kifaa chetu kiziwi kwao. Ubao ukaandikwa: *tunahitaji macho*.

Kabla hawajatawanyika nilirudi kwenye swali la yule binti, bila kumtaja. Tuliweka ndizi, daftari na sufuria mbele ya kifuko kwa nusu saa, halafu tukavipima peke yake. Vyote vilibaki kwenye namba ya mazingira. Kupigwa na mionzi si kubeba mionzi. Mashine ya kobalti-60 hospitalini hutuma gama; gama ni mwanga wenye nishati kubwa, unapita, unaumiza seli za saratani, umekwisha. Mgonjwa akitoka chumbani hana chochote cha kumpa mjukuu wake zaidi ya salamu. Wako wagonjwa wengine wanaopewa dawa yenyewe yenye mionzi, kama iodini-131 kwa tezi ya shingo. Hao hubeba chanzo ndani kwa siku kadhaa, nusumaisha yake ni siku nane, na hospitali huwaelekeza wakae mbali kidogo na watoto na wajawazito. Ni mambo mawili tofauti na yanastahili majina mawili.

Binti hakusema kitu. Aliandika.

Jumamosi, 22 Machi

Puto. Hili ndilo zoezi ambalo sikuliamini mpaka nilipolifanya. Tulipuliza puto la sherehe, tukalisugua kwenye sweta mpaka likavuta nywele, tukalining'iniza kwenye stoo ya viti iliyochimbwa ubavuni mwa mwamba, mlango na dirisha vimefungwa. Saa moja baadaye tukalitoa, tukalitoboa, tukaufunga mpira wake kuzunguka mrija.

96.

Puto la dukani la shilingi mia mbili! Kilichotokea ni hiki: urani iliyomo kwenye mwamba, baada ya hatua kadhaa, huzaa radoni-222, ambayo ni gesi. Gesi inatoka kwenye nyufa na kujikusanya chumba kisichopita hewa. Radoni ikivunjika, watoto wake ni metali zenye chaji, na puto lililosuguliwa huwavuta kama linavyovuta nywele. Tulikusanya watoto wa mwamba.

Tulipima kila dakika 40: 96, 61, 39, 28. Toa 21: 75, 40, 18, 7.

Nilitarajia nusu kila dakika 27, kwa sababu hiyo ndiyo nusumaisha ya risasi-214. Dakika 40 za kwanza hazikufika hata nusu, na 40 za mwisho zilipita nusu kwa mbali. Nilikaa na karatasi ile mpaka saa mbili usiku. Kumbe kwenye puto hakuna aina moja. Risasi-214 ikivunjika inakuwa bismuthi-214, nayo ina nusumaisha ya dakika 20, na zote mbili hutoa beta. Kila mzazi anayeondoka anaacha mtoto ambaye naye atalia. Hesabu ya mwanzo inashuka polepole kwa sababu bismuthi inajazwa upya huku inapungua. Baadaye, mzazi akiwa amebaki kidogo, mstari unaelekea kwenye mwendo wa dakika 27. Namba zetu zilikuwa sahihi. Swali langu ndilo lilikuwa dogo mno.

Stoo tumeomba iachwe wazi mchana. Uongozi umekubali.

Jumamosi, 5 Aprili

Chemba ya wingu, jaribio la kwanza. Haikufanya kazi.

Wazo ni la C. T. R. Wilson, aliyepiga picha za kwanza za njia za chembe mwaka 1911. Ya kwetu ni ya namna nyepesi zaidi: chombo cha kioo, sifongo lenye alkoholi juu, bamba jeusi lenye baridi kali chini. Mvuke wa alkoholi unashuka, na karibu na bamba unakuwa tayari kugeuka matone lakini hauna pa kushika. Chembe yenye chaji ikipita inaacha ioni, na matone yanajipanga juu yake.

Barafu kavu sikuipata. Tulipachika vibamba viwili vya kupozea vya umeme, kimoja juu ya kingine, tulivyovitoa kwenye mashine mbovu za maji baridi, na umeme wa kompyuta ya zamani: volti 12 chini, 5 juu. Feni ilishindwa kuondoa joto, bamba likagoma kwenye nyuzi −19. Mvua ndogo ya matone, hakuna njia hata moja. Saa tatu tumekodoa macho.

Jumamosi, 12 Aprili

Makosa yalikuwa mawili. Joto: tumebadili feni kwa maji ya barafu ya samaki yanayozungushwa na pampu ndogo, bamba likashuka hadi −31. Alkoholi: niliyonunua duka la dawa ni ya asilimia 70. Fundi simu wa stendi ndiye aliyenifungua macho. "Ya dawa ina maji, Mwalimu. Hiyo sisi haigusi bodi." Akanimiminia ya kwake, asilimia 99, kwenye chupa ya dawa ya kikohozi.

Chanzo: kipande cha fimbo ya tangsteni yenye ncha nyekundu, ile ya mafundi wanaochomelea vyuma visivyoshika kutu kwa gesi ya agoni. Rangi nyekundu maana yake ina thori, asilimia 2 hivi.

Tulizima taa, tukaacha tochi moja ya ubavuni. Dakika kumi za ukungu. Halafu kutoka kwenye fimbo ukachomoka mchirizi mweupe, mnene, mfupi, umenyooka kama umepigwa rula. Ukaelea, ukashuka, ukatoweka. Hakuna aliyepiga kelele, nadhani kila mtu alidhani ameona peke yake. Ukatoka wa pili.

Hao ndio alfa. Sentimita tatu, nne, na safari imekwisha. Nishati yote imemwagwa kwenye njia fupi, ndiyo maana mchirizi ni mnene, na ndiyo maana alfa asiye na madhara nje ya ngozi ni hatari akiwa ndani ya pafu. Beta walionekana pia: nyuzi nyembamba zinazopinda, kama uzi wa cherehani ulioanguka sakafuni. Beta ni elektroni, nayo ni nyepesi, kila mgongano unaisukuma upande. Mara moja moja mstari mrefu ulinyooka kutoka ukingo hadi ukingo, bila kugusa fimbo kabisa. Hao wengi wao ni mioni, wanaozaliwa juu angani miale ya anga za mbali inapogonga hewa.

Yule kijana wa karatasi alikata kipande cha daftari, akakizungusha kwenye fimbo. Alfa wakakoma. Akakitoa. Wakarudi. Alifanya hivyo mara sita.

Ubaoni tulifanya hesabu. Thori-232 mpaka risasi-208: uzito umepungua 24, kila alfa inachukua 4, basi alfa ni sita. Alfa sita zingeondoa chaji 12, lakini kutoka 90 hadi 82 ni 8 tu. Nne zimerudishwa na nani? Beta, kwa sababu kila beta ni nyutroni iliyogeuka protoni. Beta nne. Wameipata wenyewe.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano, lakini saba kati ya tisa wamekuja.

Miongoni mwa uzao wa thori kuna gesi, radoni-220, nusumaisha sekunde 56. Inajikusanya ndani ya mfuko wenye kifuko cha karabai. Dirisha wazi, mimi peke yangu mezani: nilichoma sindano kwenye plastiki, nikavuta mililita 20 za hewa kwa bomba, nikaziba tundu kwa gundi ya karatasi, nikaisukuma hewa ile ndani ya chemba. Simu juu ya kioo inarekodi.

Chemba ilijaa herufi V.

Radoni-220 hutoa alfa na kuwa poloni-216, na hiyo mara nyingi haikai hata nusu ya sekunde, nayo inatoa alfa yake kutoka palepale. Michirizi miwili, shina moja. Mzazi na mtoto kwenye picha moja. Nimefundisha mnyororo huu miaka kumi na moja kwa mishale ubaoni, na sikuwahi kuuona ukitokea.

Tumehesabu V kwenye video, kila sekunde 30: 31, 22, 14, 10, 7. Kutoka 31 hadi 14 ni dakika moja. Jibu la vitabuni, kwa bomba la sindano na barafu ya samaki.

Yule binti wa bibi ndiye aliyekaa na video mpaka mwisho, wengine walipokwenda kula. Dakika ya nne na nusu hakuna kitu. Ya tano, hakuna. Alitaka kuizima. Dakika ya 6 na sekunde 20, kwenye kona ya chini kushoto, V moja ikafunguka peke yake, wazi kabisa. Ameandika muda wake kwenye daftari, na pembeni: *kisoda chekundu*.